Mwenye Maneno Asimame

Kwetu mtaani Huruma neno halipotei hivi hivi. Likizunguka ghorofa kwa ghorofa mpaka likamfikia anayesemwa, yeye hakai chini akalia. Anawaita wote waliolibeba, wanasimama kwenye korido, na kila mmoja anaulizwa swali moja tu: wewe umeambiwa na nani? Huyu anamtaja yule, yule anamtaja mwingine, mpaka neno lifike kwa aliyelizaa. Hapo mwenye maneno anasimama. Ama anayarudia mbele ya watu, ama anayameza. Nimeona ndoa ikiokoka kwa njia hiyo, na nimeona mtu akihama ploti, yaani jengo letu la kupanga, kesho yake asubuhi bila kuaga.

Nayasema haya mapema kwa sababu chuoni kuna waliodhani nimerukwa na akili. Sikurukwa. Nilifanya nilivyolelewa.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamifu ulihusu paa la ploti yetu: namna wanawake wanavyogawana kamba za kuanika nguo, nani anaanika wapi, na nani anabaki kulinda. Wenzangu walicheka, wakauliza kama nitapewa digrii ya sabuni. Wacheke. Mimi nimekulia kwenye lile paa, na najua vita vilivyopiganwa pale kwa ajili ya shuka moja.

Chuo hakikupi digrii hiyo bila makala iliyochapishwa kwenye jarida la kitaaluma. Niliandika yangu, nikampa msimamizi wangu aipitie, kwa kuwa jina lake lingekaa karibu na langu. Ni profesa mpole, mwenye wanafunzi wengi kuliko saa za kuwasoma. Aliipitia, akaituma mwenyewe, na jarida likaikubali. Mama alisikia "imekubaliwa" akakimbilia kuwaambia watu wa kanisani. Jumapili hiyo hiyo alikuwa ameshachagua kitambaa cha mahafali, kitenge cha zambarau, akakikunja juu ya kabati.

Nilikuwa nimewaahidi wanawake wa paani kwamba nitawasomea kabla haijatoka. Jumamosi, siku ya kufua, nilipanda na nakala ya mwisho niliyoletewa na jarida siku ile, nikawa naisoma na kuwafasiria papo hapo. Kiingereza kilikuwa kimepigwa pasi hadi hakina kunyanzi. Nikafika mahali palipoandikwa kuwa mama mmoja wa watoto wanne alisema: "Paa hili ni moyo wetu. Tunamshukuru mwenye nyumba kwa kutupa nafasi ya kujifunza umoja."

Maneno hayo sikuyaandika mimi. Wanawake walitazamana, kisha wakacheka mpaka beseni likamwagika. Asiyecheka alikuwa mmoja, jirani yetu wa ghorofa ya tano.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hapa mwenye watoto wanne ni mimi pekee. Mimi ndiyo nashukuru landlord? Landlord ananifungia mlango wa paa kila wiki, mimi nimshukuru? Watu wakisoma hiyo kitu si watasema nimenunuliwa?"

"Si mimi niliyeandika," nikamwambia.

"Jina lako liko hapo juu ama haliko?"

"Liko."

"Basi tuambie. Umeambiwa na nani?"

Nikatoa simu, nikampigia msimamizi wangu na kuiweka kwenye spika. Nikamsalimu kwa heshima, nikaomba radhi kumsumbua Jumamosi, kisha nikamuuliza maneno ya mama wa watoto wanne ameyatoa wapi.

"Ah, hayo," akajibu. " Nilitumia akili unde, hii AI, kulainisha lugha. Huenda iliongeza mifano miwili mitatu. Usijali, siku hizi sote tunatumia."

"Hiyo kitu inaishi ploti gani?" jirani akadakia. "Iambie ikuje hapa, isimame na mimi."

"Nani huyo?" profesa akauliza.

"Ndiye mama wa watoto wanne, Prof."

Akakata simu. Mama yangu, aliyekuwa anakamua blanketi, alitikisa kichwa. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema. "Hiyo ya mwalimu wako ni wigi."

Wasinielewe vibaya. Mimi mashine hiyo naitumia. Hunirekebishia vihusishi vya Kiingereza, na mwishoni mwa makala yangu niliandika wazi kwamba imenisaidia hivyo na si zaidi. Sioni haya. Lakini kumtungia binadamu kauli, ukampa na idadi ya watoto wake, huko si kulainisha lugha. Huko ni kusingizia watu, na kwetu msingiziaji husimamishwa. Mashine haiwezi kuitwa kwenye korido. Anayeitwa ni aliyetia sahihi, na niliyekuwa nimetia sahihi ni mimi.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwake. Alinishauri kama mzazi: niache, hakuna mhariri atakayepanda Huruma kuuliza. Nikigusa jambo hili makala itaondolewa, na mahafali nitayasikia redioni.

"Utanitia aibu," akasema.

"Aibu iko tayari, Prof. Imekaa kwenye ukurasa, juu yake kuna jina langu."

Nikamwandikia mhariri nikamwonyesha sentensi zote zisizo na mwenyewe. Makala ikaondolewa. Nilitafuta msimamizi mwingine, na mahafali yakapita bila mimi. Niliumia, sitadanganya. Siku ile nilijifungia bafuni nikalia maji yakiwa wazi, na katika ploti yetu kuacha maji wazi ni kosa kubwa kuliko kulia. Mama hakunibembeleza. Aligonga mlango akasema kitenge hakiozi, nitoke nifunge mfereji.

Nimeiandika upya makala yote. Jirani yetu wa ghorofa ya tano yumo, kwa maneno yake mwenyewe, niliyoyarekodi tangu mwanzo: "Hapa juu hakuna mapenzi. Kuna kamba na kuna macho. Ukishuka kuchukua sabuni, nguo imeenda." Kabla ya kuituma kwa jarida lingine nilipanda tena siku ya kufua, nikawasomea. Nilipofika kwake, nikashusha karatasi. Alijipangusa povu mikononi, akasimama, akayarudia yote mbele ya wenzake, kisha akaongeza la mwenye nyumba ambalo sikulichapisha.

Wasomi wanaoikagua makala kwa niaba ya jarida wamerudisha maoni. Wanasema makala ni nzuri, ila kauli ya huyo mama ni chungu mno, haionyeshi mshikamano. Wananiomba niilainishe kidogo ndipo waipitishe.

Mama amekishusha kitenge kutoka juu ya kabati, akakikung'uta vumbi, akakirudisha.

Nimewajibu leo. Nimewaambia hilo halilainishwi. Lilisomwa juu ya paa mchana kweupe, wote wakisikia, na mwenye maneno alisimama.