Mlango Uliotazama Jua la Saa Kumi

Harufu ya mabati yaliyopata moto hunirudisha kwenye kiangazi kile hapa Katito, tulipobaki watoto peke yetu. Nyumba ya baba ilitazama machweo, na kila alasiri jua liliingia bila hodi hadi ukuta wa nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeacha shule baada ya mama kumfuata baba kaburini. Nilikuwa na wadogo zangu, Akinyi, wa miaka sita, na Otieno, aliyekuwa bado anatambaa, shingo yake nyekundu kwa harara. Nilimwomba baba mdogo atufungulie mlango upande wa mashariki.

"Nyumba ya marehemu haigeuzwi mlango," alisema. "Ukiugeuza, unasema baba yako alikosea."

"Kwani hakukosea?"

"Hilo usiniulize mimi."

Pa kuhamia hatukuwa napo. Vumbi nalo lilipozidi kuingia kwenye pengo kati ya ukuta na paa, nilikanda udongo nikaliziba pande zote, nikijiona mama mwenye nyumba. Nyumba ikawa chungu kilichofunikwa. Siku ya tatu Otieno alilegea mikononi mwangu, hata kulia hawezi. Akinyi alikimbia kumwita Mama Apiyo, jirani aliyekuwa akisiriba nyumba za watu na kusuka mikeka ya mafunjo. Alimlaza mtoto nje kivulini, akamlowesha maji, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akatazama juu.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Umeziba pua ya nyumba, halafu unashangaa mtoto hapumui?"

Kujikwaa si kuanguka. Otieno alipofungua macho, tulibomoa ule udongo kwa jembe, na hewa ya moto ikapata njia ya kutokea. Mbele ya mlango, hatua moja nje, tulisimamisha miti, tukatundika mkeka mpana, na chini yake nikapanda maboga yatambae. Baba mdogo alikuja kukagua.

"Mlango uko palepale, Mzee," Mama Apiyo alimwambia. "Tumeuvalisha kofia tu."

Julai, baridi ilipoingia, tuliukunja mkeka ili ukuta uote jua la jioni, nao ukaturudishia joto tulipolala.

Leo Akinyi ameolewa Awasi. Otieno amepanga Kisumu, nyumba ya vioo vikubwa, na hunipigia simu akilalamika kwamba feni inazungusha joto tu. Namwambia atazame kwanza jua linaingilia wapi. Wote wawili walitoka kwa mlango ule ule. Mimi bado naukunja mkeka Julai na kuushusha Januari, na saa kumi ikifika nakaa kivulini nyuma yake, upande wa ndani.