Vyombo Nilivyoosha vya Unga wa Bariamu

Jumanne ya Julai. Ukungu umeshuka kutoka msituni, na manyunyu hayajaisha tangu asubuhi.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa kuosha vyombo kwenye maabara ya chuo, Embu. Msichana mmoja wa digrii ya pili alikuwa anatengeneza unga mweupe wa bariamu na titani, ule wa vidude vya kuweka umeme ndani ya redio. Aliyeyusha dawa kwenye maji, akachanganya mpaka zikashikana, akakausha, akachoma kwenye tanuri. Ulitoka laini kushinda unga wa uji. Kisha ulipelekwa Nairobi kupigwa eksirei, ionekane kama chembe zimejipanga sawa.

Siku hiyo karatasi ya majibu ilirudi. Ilikuwa na mstari wenye vilima, na kilima kimoja hakikutakiwa.

"Kuna uchafu," akasema. "Mama, ulisuuza na maji ya mfereji?"

"Ya mtungi tu, yale safi."

"Una hakika?"

Nilisema ninayo, lakini mtu akikuuliza mara mbili unaanza kujishuku. Na kibarua hafukuzwi, anaambiwa tu asirudi kesho. Nikamshuku fundi wa maabara kwa sababu alinyamaza sana. Lakini haki ni haki, yeye hunyamaza hata siku nzuri.

Msichana akasema leo ataosha mwenyewe. Nikakaa kwa stuli nikimwangalia, na kusema kweli aliosha vizuri kuliko mimi. Akatayarisha maji ya bariamu, maangavu kabisa. Fundi akaleta jiko la makaa kama kila siku ya baridi, akaliweka karibu na meza, sote tukanyoosha mikono. Kabla ya chakula cha mchana yale maji yalikuwa yamefanya utando kama maziwa yaliyochemka.

Msichana akayatazama, akatazama jiko. "Hewa ya makaa ndiyo inaingia humu! Toa hiyo kitu nje!"

"Si ni wewe uliniambia nilete, daktari?" fundi akamjibu kwa utani. "Ama ni Mama alikuwa anasikia baridi?"

Msichana hakucheka. Alisema hata hewa ya kawaida hufanya hivyo kidogo, kwa hivyo hawezi kuapa kwamba ni jiko lililoharibu ule unga. Msamaha hakuniomba. Labda aliona aibu, labda bado alinishuku, sijui. Akanisukumia vyombo vichafu.

"Kesho uje mapema, Mama. Tunaanza upya."

Njia nzima nilijiuliza kama ananihitaji au anataka kunichunga. Jioni nyumbani tulikula mukimo wa njahi, viazi vilivyopondwa na maharagwe meusi, na mimi nikaongeza sahani ya pili: kwa vyovyote kesho kazi ipo.