Picha Mbovu za Mama

Nilimkuta mama yangu benki, miezi saba baada ya kumzika.

Msinicheke. Nilikuwa kwenye foleni, fomu mkononi, nasubiri dada wa dirishani amalize kugonga mihuri yake. Nikainua macho ukutani. Mama huyo hapo, anacheka.

Ilikuwa kalenda mpya ya benki, kubwa kama mlango wa kabati. Mama ameketi kwenye cherehani yake, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anakata uzi kwa meno huku kicheko kinamponyoka. Mwanga wa dirisha umemwangukia shavu moja. Pembeni wameandika mambo yao ya akiba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Picha na Profesa Studio.

Fomu ilinidondoka.

"Hiyo picha nimepiga mimi!" nikapayuka. "Huyo ni mama yangu, na nimempiga mimi!"

Mlinzi akanisogelea. "Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Akanishika mkono akanitoa nje. Kistaarabu, lakini alinitoa.

Ngoja niwaambie huyo Profesa ni nani, maana hadi leo nikimtaja nasaga meno.

Mimi nilikuwa nafanya kazi duka la fotokopi. Kutoa nakala, kubana vitabu, kupiga laminesheni vyeti vya watu. Siku nzima napitisha mikononi picha za wengine, na mimi sina hata simu ya maana. Nikajinyima miaka miwili, nikiitaka kamera moja tu: DSLR, ile kubwa yenye lenzi ya kufungua na kufunga.

Profesa ana studio jirani na duka letu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu akianza kuzungumzia mwanga, utadhani aliuvumbua yeye. Akaniuzia kamera yake ya zamani.

"Hii imekula harusi zaidi ya mia, mdogo wangu," akaniambia. "Itakufundisha yenyewe."

Haikunifundisha kitu. Picha zangu za kwanza zilikuwa aibu tupu. Nyingine nyeusi kama sufuria, nyingine nyeupe kana kwamba nimepiga taa. Watu wanatoka na vivuli viwili viwili kwa sababu mkono unanitetemeka.

Mtu pekee aliyekubali kukaa nikimjaribishia ni mama. Wala hakukaa kwa ajili yangu, ni kwamba alikuwa hainuki kwenye cherehani. Yeye anashona, mimi namzunguka. Shata ya kamera inalia, mguu wake unakanyaga pedali, tunabishana.

"Umeshamaliza?"

"Bado, mama. Mwanga umezidi."

"Basi funga dirisha, usinilaumu mimi."

Kila wiki Profesa alikuwa ananiambia, "Leta kadi nikukosoe." Naipeleka, anaichomeka kwenye kompyuta yake, anapitisha picha moja moja huku anacheka puani. Nami nasimama nyuma ya kiti kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilidhani ni wema.

Siku alipofika kwenye ile ya mama anakata uzi, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ya kawaida tu. Zote hizi futa. Mpiga picha hatunzi takataka."

Nikarudi nyumbani nimenywea, nikaanza kuzipitia nizifute. Mama akasikia ule mlio wa kitufe.

"Unafanya nini?"

"Nafuta picha mbovu."

"Mbovu ni nani? Mimi?"

"Sio wewe, mama. Hii hapa umetoka bila kichwa."

"Sasa kama sina kichwa si bado ni mimi? Usinifute bwana. Hata nikitoka kidole tu, niache hapo hapo."

Tulicheka, nikaacha kufuta. Kesho yake nikazihamishia zote kwenye kompyuta ya dukani, kwenye faili nililoliita "Mama bila kichwa". Sikuziangalia tena.

Halafu mama akaanza kulalamika kifua. Wiki tatu tu, akaondoka.

Msibani wakaniomba picha yake nzuri. Sikuweza kulifungua lile faili. Mimi, mtu niliyejinyima miaka miwili kwa ajili ya kamera, mama yangu nikamzika kwa picha ya kitambulisho. Hilo lilishaniuma vya kutosha kabla ya kalenda.

Sasa mnaelewa niliingiaje studio kwa Profesa siku ile.

Kulikuwa na wateja wanne wamekaa kwenye benchi. Sikuwasalimia.

"Umemuuza mama yangu!"

Profesa hakushtuka. Ana uso mkavu yule mtu, hana haya hata chembe. "Mdogo wangu, pole na msiba. Najua bado una uchungu."

"Usinipe pole! Picha ile nimepiga mimi, na wewe unajua!"

"Haya, tusibishane." Akafungua faili kwenye kompyuta, akaigeuza wateja waone. Picha namba 2317. Akabonyeza taarifa za picha, zile ambazo kamera inaziandika yenyewe ndani. Tarehe, saa, lenzi. Na mstari mmoja: Mpiga picha, Profesa Studio.

"Kamera haina ugomvi na mtu," akasema kwa upole.

Mama mmoja pale benchi akaguna, akamwambia mwenzake, "Msiba unachanganya watu kweli." Nilitamani sakafu ipasuke. Niliingia na haki yangu, nikatoka kichaa.

Nyumbani kaka yangu, badala ya kunitetea, akasema, "Achana naye, dada. Utatuaibisha bure."

"Nani anaaibika? Mama yuko ukutani kwa jina la mwizi, halafu mimi ndiye naaibisha?"

Niliichukua kamera nikaanza kuipekua, sehemu moja baada ya nyingine. Nikafika ukurasa wa mwisho wa mipangilio, ambao kwa mwaka mzima sikuwahi kuufikia. Kulikuwa na nafasi ya jina la mwenye kamera.

Profesa Studio.

Aliniuzia kamera akabaki ndani. Kila picha niliyopiga tangu siku ya kwanza, paka, watoto wa jirani, ubatizo wa mtoto wa shangazi, zote zilikuwa zinazaliwa na jina lake. Mwanzoni huenda alisahau kulitoa, sijui. Lakini siku aliponyamaza mbele ya picha ya mama, alikuwa amekumbuka, na nakala akabaki nayo kwenye kompyuta yake.

Nikaandika barua benki. Nikaandika ya pili. Ya tatu niliipeleka mwenyewe na nikakaa mapokezi hadi afisa masoko alipotoka. Mama mmoja mkavu, hacheki ovyo. Akanisikiliza amesimama. Akasema atatuita wote wawili.

Kabla ya siku hiyo nikafungua kompyuta ya dukani. Nilitazama orodha ya namba tu. 2309 hadi 2331, hakuna iliyoruka. Picha zenyewe sikuthubutu kuzifungua. Nikaziweka kwenye flashi, nikaenda na kaka.

Profesa alikuja na koti, na viatu vinang'aa.

"Tuelezee hii picha," afisa akamwambia.

"Bibi huyo nilimfuata kijijini, safari ya siku mbili," akaanza, bila hata kupepesa. "Nilikaa naye, nikamzoea. Mwanga ule niliusubiri tangu asubuhi." Akaonyesha faili lake, na jina lake ndani.

Kijijini! Mama yangu alikuwa anakaa hatua mia mbili kutoka studio kwake. Suruali zake mwenyewe alikuwa anamletea mama afupishe.

Afisa akanigeukia. "Na wewe una nini, binti?"

Nikaiweka flashi mezani. "Hiyo ni namba 2317. Mwambie atuonyeshe 2316 na 2318."

Profesa akatabasamu. "Nilifuta. Mpiga picha hatunzi..."

"Takataka," nikamalizia. "Mimi nilitunza."

Afisa akachomeka flashi. Picha zikaanza kufunguka, na mimi nikaziona kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

2314, mguu wangu. 2315, ukuta. 2316, mama bila kichwa, na cherehani ile ile, na pazia lile lile. 2317, ile ya kalenda. 2318, kiganja cha mama kimejaa picha nzima, anaidai kamera.

Halafu 2319.

2319 ilikuwa mimi. Nimepinda upande, nimevaa fulana ya kazi yenye jina la duka letu la fotokopi, mdomo wazi, nimenyoosha mikono yote miwili. Nikakumbuka papo hapo nilichokuwa napiga kelele: "Mama, utaiangusha!"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alininyang'anya kamera akanipiga picha moja, akanirudishia, akaendelea na shati la mtu.

Kaka yangu akaweka mikono usoni.

Afisa akavua miwani. Akabonyeza taarifa za picha ile. Dakika moja baada ya picha ya kalenda. Mpiga picha: Profesa Studio.

"Na hii," akamuuliza taratibu, "nayo uliipigia kijijini?"

 Jasho likamtoka Profesa kwenye kipara. Profesa mzima, mwenye maneno ya mwanga na kivuli, akaanza kujifuta kwa mkono wa koti.

Kalenda zote zilishushwa. Zilipochapwa upya, chini ya mama kukawa na jina langu, na Profesa akanyang'anywa kazi zote za benki. Wiki ile ile akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, tuyamalize kifamilia."

Familia gani? Nilimjibu kwa kumtumia picha ya mguu wangu, namba 2314. Sijamsamehe, na msije kwenye komenti kuniambia nisamehe.

Wewe uliyenunua kamera yako ya kwanza mkononi mwa mtu, usikimbilie kupiga maua. Ingia kwenye mipangilio, nenda hadi ukurasa wa mwisho, umtoe mwenye kamera wa zamani. Na anayekukosoa kila siku, akikwambia futa, jiulize kwanza anataka nini kiondoke. Zile picha za ovyo unazozionea aibu, zitunze. Picha nzuri aliweza kuiba. Za ovyo hakuzitaka, na ndizo zilizomkamata.

Kwenye kamera yangu sasa pana jina langu. Nimerudi pia kwenye faili la "Mama bila kichwa", nikasahihisha jina, picha moja baada ya nyingine, zote ishirini na tatu.

Ishirini na mbili nimeandika jina langu. Ile 2319, kwenye nafasi ya mpiga picha, nimeandika: Mama.