Kuku wa Mama Arthur na Vidonge Vyangu

Jirani yangu Mama Arthur aliapa kwamba aliyenifichua ni kuku.

Kuku. Huyu wa mayai.

Kwa maneno yake, alikuwa ameketi mlangoni pake, mtaani Hai Malakal, Juba, akichambua mboga, mara akaona kuku wake anatoka kwenye shimo letu la takataka na kitu kinachong'aa mdomoni. Akamkimbiza. Kuku akadondosha. Kuokota, vidonge vya kupanga uzazi!

"Mungu akikosa malaika anatuma kuku!" alikuwa anawaambia watu. "Mimi naona na macho yangu. Ile msichana iko anakula dawa, ananyima bwana yake mtoto!"

Ile msichana ni mimi.

Naitwa Joy. Nina miaka ishirini na nne, ingawa ukiniona kwa nyuma utanipa kumi na mbili. Shuleni waliniita Kigoda. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia nikikosea kuandika.

Vidonge ni vyangu kweli. Hapo hakudanganya.

Ila ngoja niwaambie ni vya nini.

Mimi nilikua bila kuona siku zangu hata mara moja. Shangazi alikuwa akisema, "Itakuja tu, wengine huchelewa." Nikangoja. Nikaolewa na Crispus, anayetunza stoo kwenye hoteli moja hapa Juba, bado nangoja.

Mwaka wa pili wa ndoa tukaenda kliniki, sisi wawili. Tukampata Daktari Jedidah, Mkenya mwenzetu. Damu yangu ikatumwa Nairobi. Majibu yaliporudi, akatuketisha.

"Joy, ndani ya mwili kuna vitu vidogo sana vinavyobeba maagizo ya jinsi mtu atakavyokua. Vinaitwa kromosomu. Wanawake wengi wana X mbili. Wewe unayo moja tu nzima. Hali hiyo inaitwa Turner. Hukurogwa, na mama yako hakukosea kitu. Ulizaliwa hivyo."

Ndiyo sababu sikurefuka. Ndiyo sababu mayai ya uzazi yaliisha kabla hata sijavunja ungo.

Akasema na moyo upimwe, maana Turner hugusa moyo pia. Ukapimwa. Uko sawa, ila nisiache kurudi.

Kisha akatoa vidonge. Crispus akakunja uso.

"Daktari, si hivi ni vya kuzuia mimba?"

"Kwa mwingine, ndiyo. Kwa Joy, vinampa homoni ambayo mwili wake hautengenezi. Akiviacha, mifupa yake itakuwa kama biskuti kabla hajazeeka."

Crispus alisikia yote hayo. Alikuwa kando yangu, amenishika mkono.

Nilipoanza kuvimeza nikaona damu mara ya kwanza, mtu mzima mimi, nilicheka peke yangu chooni kama mwendawazimu.

Sasa turudi kwa kuku.

Siku hiyo nilitoka sokoni mchana nikakuta watu wamejaa kwetu. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Kitale, amekaa kwenye kiti changu. Mama Arthur amesimama katikati, ameshika pakiti yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya aliyeoza.

Mama mkwe hakuniuliza kitu. Alinipa chupa ya soda yenye maji ya kijani. Mizizi na nyongo ya mbuzi.

"Kunywa, mwanangu. Utoe hiyo sumu tumboni."

Nikanywa, kwa heshima. Mafunda mawili. Yakarudi yote, puani na mdomoni, yakatiririka kwenye leso yangu mbele ya watu.

Mama Arthur akaziba pua. "Muone! Dhambi inatoka!"

Nikajifuta, nikamtazama mume wangu. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha: "Mama, hiyo ni dawa, nilikuwepo."

Crispus alikuwa anatafuna njugu. Akatema ganda chini.

"Hata mimi nashangaa," akasema. "Mtu unaishi naye, kumbe humjui."

Jamani. Kile kinyaa cha nyongo kilihama kwenye chupa kikaenda kukaa usoni pake.

Mimi si mtu wa kupayuka. Mimi huangalia. Nikaiangalia ile pakiti. Haina alama ya mdomo wa kuku, haina hata vumbi. Na vidonge nusu bado vimo.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemeza kimoja, nikairudisha pakiti kwenye mkebe wa majani chai juu ya kabati, nikamwacha Crispus ndani, nikaenda zangu.

"Mama Arthur," nikasema, "huyo kuku wako alipanda kabati, akafungua mkebe, kisha akaufunika tena?"

Mtu akacheka. Mama Arthur akamgeukia mume wangu.

"Wewe Crispus, ongea! Si wewe ulinipa hii kitu? Sasa unaniacha peke yangu kama mbwa?"

Nikawaambia yote. Sikukataa kuzaa. Siwezi. Na Crispus aliambiwa siku moja na mimi.

"Ulijua?" mama yake akamuuliza.

Crispus akaokota njugu nyingine.

Mama mkwe akafunga kizibo cha chupa yake taratibu. "Na mwanamke wa aina hiyo," akauliza, "huitwaje?"

"Huitwa Joy, mama."

Nikakunja nguo zangu. Crispus akanifuata chumbani, sauti chini.

"Jaribu kunielewa. Wakisikia umekataa, watanionea huruma. Wakisikia huwezi, watauliza Crispus alioa nini. Mtoto?"

Alisema hivyo huku ameweka mkono begani mwangu. Nilioga mara mbili siku hiyo, na bado niliuhisi.

Kalas, yakaisha. Siku hizi niko mtaa mwingine, Nyakuron, nakaanga chapati na rafiki yangu Cissy. Vidonge nanunua mwenyewe, na kuna miezi inanishinda.

Wewe mzazi unayesoma hapa: binti akibaki mfupi kuliko wenzake wote, au akifika miaka kumi na nne, kumi na tano mwili haujaanza kubadilika, usimwambie itakuja tu. Mpeleke hospitali mapema. Mimi nilichelewa kwa sababu ya hayo maneno. Na ukikuta dawa ya mtu, muulize mwenyewe ni ya nini. Usimuulize kuku.

Jana Crispus aliniandikia kwenye simu.

"Joy rudi. Mama amekataa kuongea na mimi. Mwambie tu ulidanganya, kwamba ni wewe ulikataa kuzaa, yaishe. Nitakununulia dawa zako kila mwezi, naapa. Tafadhali nijibu."

Alama mbili za bluu ziko hapo. Anajua nimesoma.