Samaki Aliyepanda Kilima

Dada yangu Edelmira Causil tulimzika mwezi Februari, Bwana ampe raha ya milele. Alipata riziki kwa kuwapiga picha maharusi na watoto wa komunyo ya kwanza, lakini moyo wake ulikuwa kwa viumbe wenye magamba. Alichelewa arusi nyingi kwa sababu njiani alimwona iguana, yule mjusi mkubwa, akiota jua, akalala chini kumngoja ageuze shingo.

Aliyempenda kuliko wote ni hikotea, kobe wa ziwani kwetu, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kwetu Kwaresima haipiti bila hikotea wa nazi. Ijumaa Kuu hatuli nyama, ila hikotea anaishi majini, basi tangu enzi za mababu tulimhesabu samaki. Wanaume waliwasaka kwa kuchomachoma matope kwa vyuma vyenye ncha, na kila mwaka walirudi na wachache zaidi. Edelmira aliwasihi wawaachie angalau wa upande wa kile kilima kando ya ziwa, wasije wakaisha kabisa. Walimcheka. Shangazi Nicolasa, ambaye sufuria yake ndiyo iliyolisha kijiji kizima Kwaresima, alimwambia, "Binti, wewe shughulika na maharusi wako. Samaki niachie mimi."

Asubuhi moja baada ya Jumatano ya Majivu Edelmira alipanda kilimani, akalala kifudifudi kwenye malisho, nami nikawa nafukuza ng'ombe wasimkanyage. Hikotea jike akaja polepole, tope limemkaukia mgongoni. Edelmira hakubonyeza kamera mpaka shimo lilipochimbwa na yai la kwanza kudondoka. Chungu wekundu walimtambalia shingoni, hakutikisika. Alipoinuka alikuwa akilia na kucheka.

Picha ile aliikuza, akaipeleka jikoni kwa shangazi, wanawake wakiwa wanakuna nazi. Kila kitu kilionekana: nyasi kavu, mavi ya ng'ombe, mayai, na ziwa kule chini, dogo kama sahani.

Shangazi aliitazama sana. "Huyu yuko malishoni."

"Ndiko anakozaa, shangazi."

"Samaki gani anapanda kilima?"

"Mpishi ni wewe. Niambie."

Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba na kuuliza ni Ijumaa Kuu ngapi tumekula nyama. Shangazi akaichukua picha mpaka kwa Padre Ubaldo. Padre alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema yeye hawezi kumwita samaki kiumbe anayetaga nchi kavu. Jioni ile shangazi aliwabeba kwenye beseni hikotea waliokuwa wamefungwa chini ya meza yake, akawarudisha ziwani mwenyewe, huku akiwasonya wanaume wenye vyuma. Bila sufuria yake, hawakuwa na mtu wa kumpelekea hikotea.

Ijumaa Kuu ya mwaka huu, ya kwanza bila Edelmira, kwa shangazi tulikula samaki wa kweli, mwenye miiba. Baada ya Njia ya Msalaba nilipanda kilimani. Alama za hikotea zilikuwa zimetapakaa kutoka majini mpaka kwenye ukuta wa makaburi alikolala dada yangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, ng'ombe wote wakageuka kunitazama.