Kadi ya Wakonyo

Ngendo, Mama Tabby, alipochaguliwa mzee wa kanisa wa wilaya yao, yaani kundi la washirika wa mtaa wa Kiandutu, Thika, alimshinda Wakonyo, Mama Jackie, kwa kura tatu. Tatu tu, lakini zilimwingia kichwani kama mia tatu. Muuza mboga ambaye maombi yake hayazidi dakika moja alikuwa amemwangusha mama mwenye nyumba za kupangisha na sauti ya kuongoza ibada bila kipaza sauti! Alifurahi mpaka akaona haya.

Na kusema kweli, alistahili. Hakuna mlango asioujua. Mtu akilazwa, Ngendo ndiye wa kwanza kufika na chupa ya uji. Mtoto akizaliwa, yeye hujua jina kabla baba hajaambiwa. Watu walimpigia kura kwa hayo.

Kosa lake alilifanya wiki ya pili. Kwa miaka kumi na mmoja ushirika wa maombi wa Jumatano ulikuwa ukikutana sebuleni kwa Wakonyo, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Ngendo akasimama kanisani akatangaza kwamba kuanzia sasa watu wakutane kwake. Hakumuuliza mtu, hata Wakonyo mwenyewe. Alisema ni mpango mpya wa wilaya. Mpango gani! Alitaka tu watu waende kwa mzee. Wakonyo hakutia mguu huko, basi.

Ikafika wiki ya Meza ya Bwana, ya kushiriki mkate na divai. Katika kanisa lao mzee huzunguka nyumba kwa nyumba akiwapa washirika kadi za kushiriki, na hatoi kadi kabla ya kuuliza kama kuna mtu mmekosana naye. Mwenye ugomvi hupatanishwa kwanza. Tena kadi haitumwi kwa mkono wa mtu, lazima mzee aipeleke mwenyewe. Kufikia Alhamisi Ngendo alikuwa amemaliza nyumba arobaini, imebaki moja. Alikuwa ameshaipita mara tatu, mara akikumbuka sukuma wiki zinanyauka, mara mguu ukimuuma ghafla. Ijumaa karani wa kanisa angetaka orodha. Wakonyo angekosa Meza kwa sababu yake, na yeye Ngendo angepitishaje mkate mbele ya watu na moyo uko hivyo? Hilo lilimnyima raha kabisa.

Saa kumi jioni akajikaza, akabisha.

"Karibu, mzee," Wakonyo akasema bila tabasamu. Akammiminia chai, maana adabu ni adabu.

Ngendo akashika kikombe, akakirudisha mezani. "Mama Jackie, lazima nikuulize. Kuna mtu mmekosana naye?"

"Yuko. Amekaa kwa kochi yangu."

"Haiya," Ngendo akasema polepole. Machozi yalikuwa karibu, akaona heri aseme yote. "Hakukuwa na mpango wowote wa wilaya. Nilitaka sifa. Nimekuvunjia heshima mbele ya kanisa, na nitasimama mbele ya hilo kanisa niseme hivyo. Nisamehe. Jumatano irudi hapa kwako."

Wakonyo alichukua kitambaa kimoja cha kochi, akakikunja, akakikunjua. Ngendo akadhani amekataliwa.

"Uliniumiza," Wakonyo akasema mwishowe. "Ile Jumatano ya kwanza nilipika chai ya watu ishirini, nikidhani watakuja tu. Ikapoa nikiiangalia. Nilikuchukia, Mama Tabby, siwezi kukudanganya. Lakini nikiwa hapo na chai yangu nikamkumbuka Ndila, yule wa karibu na kioski ya maji. Amekuja hapa miaka mingapi? Na mimi nimeingia kwake lini? Hakuna siku. Ukiondoa wewe, hakuna mtu wa ushirika amewahi kuingia. Nilikuwa nimeifanya hiyo Jumatano iwe yangu peke yangu, na hakuna mzee aliniuliza."

Akanyoosha mkono. "Nimekusamehe. Lete kadi. Lakini hapa isirudi."

"Sasa iende wapi?"

"Twende tumuulize Ndila mwenyewe."

Ngendo akampa kadi, na chai akaimaliza wima kwa furaha, ikamchoma ulimi. Wakatoka wote wawili, wakipita katikati ya vyumba vya mabati wakisalimiwa huku na huku. Ndila, mama wa Kikamba anayefulia watu nguo, walimkuta akianua. Alipoambiwa ushirika unataka kuja kwake, alicheka akidhani anataniwa. Kisha akageuka akatazama ndani: kitanda, jiko, ndoo mbili za maji, kiti kimoja.

"Aki watu ishirini watakaa wapi?"

"Wagonjwa na wakongwe kitandani," Wakonyo akasema, akivua viatu mlangoni. "Mimi nitasimama."