Mia kwa Mia

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Wamaza, direkta wa shule ya msingi alinikabidhi vipande vitatu vya chaki na darasa la kwanza. Akaniambia, "Mwalimu, mutoto akijua kusoma, ni wewe. Asipojua, ni wewe vilevile." Nilicheka. Ujana una kicheko cha bure.

Katika darasa lile alikuwamo Zaina, binti wa mkulima. Mimi ndiye niliyemshika mkono akaandika herufi yake ya kwanza. Baadaye nikahamishiwa Kabambare, kisha Kasongo, nikawa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Zaina naye akafika hapo, akapanda hadi mwaka wa sita. Alitaka diplome ya Serikali, maana bila hiyo hakuna chuo kinachokupokea.

Wakati wetu shule ilipimwa kwa asilimia ya waliofaulu. Basi tulikuwa na ufundi tuliouita kuchuja: kabla ya kupeleka orodha ya finaliste, yaani watakaofanya mtihani wa Serikali, unakata majina ya wanaotia shaka. Inspekta wa shule alijua. Aliitazama orodha yangu akasema kwa upole, "Prefe, mimi nataka mia kwa mia." Kifaransa cha Zaina, lugha ya mtihani, kilikuwa kinachechemea. Nikamkata.

Alikuja ofisini. "Mwalimu, jina yangu haiko." Nikamwambia arudi mwaka ujao. Mwaka huo ulipofika, alikuwa ameshaolewa Salamabila. Shule ikapata mia kwa mia, nami nikapata barua ya pongezi, nikaitundika sebuleni kwa majivuno.

Juzi, nimeshastaafu, Zaina alikuja kunisalimia. Anafundisha watoto wadogo wa wachimba dhahabu, wale wasiojua bado kushika kalamu. Aliomba kuingia chuo cha ualimu, wakamkataa kwa kukosa diplome. Nikajitolea kumwandikia barua ya kumwombea nafasi chuoni, ingawa najua maji yakimwagika hayazoleki. Alisimama mbele ya ile barua ya pongezi, akaisoma kwa sauti, Kifaransa chote, bila kukwama hata mahali pamoja.

"Mwalimu, pengine ningeanguka," akasema. "Lakini nilitaka nianguke mimi mwenyewe."

Akamaliza chai yake, akaaga kwa heshima. Heshima ile iliniuma kuliko tusi.

Barua nimeishusha ukutani. Inspekta namlaumu mpaka leo, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.